Alama Mbili, Siku Tatu

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mimi ndiye niliyempimia dawa. Hakuna aliyenichagua. Ndugu zangu walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja kwake, na katika nyumba yetu ya Mususa, hapo Butembo, tulibaki wawili tu. Macho ya mama hayakuweza tena kusoma mistari midogo ya bomba la sindano. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nina miwani, nina kalamu. Basi, kazi ikawa yangu. Roho ya uganga sikuwa nayo hata kidogo. Kuku akichinjwa mimi naangalia pembeni.

Ilikuwa miaka ya vita, vile vya pili, askari wanabadilishana mji hata hujui wa leo ni wa nani. Nikitaja miaka ile watu wanasogeza viti, wanataka niwaeleze risasi. Risasi nilizisikia, ndiyo, kama kila mtu. Lakini kitu kilichonimaliza mimi kilikuwa chupa ndogo inayoenea kwenye kiganja, yenye dawa nyeupe ya kuzungushwa polepole kati ya mikono miwili kila asubuhi kabla sijavaa viatu vya kwenda shule.

Dawa hiyo tuliifuata Beni. Kulikuwa na munganga mmoja huko, ndivyo tunavyomwita daktari, mwanaume mpole mwenye kikohozi kisichoisha, aliyeipata kwa watu wa malori waliovuka mpaka pale Kasindi. Nilikwenda nimekaa juu ya magunia, nikishuka kwenye kila barieri kuonyesha karatasi, na kurudi vilevile, chupa ikiwa ndani ya kitambaa kibichi, ndani ya chungu kidogo nilichokipakata. Beni kuna joto, na joto huiua dawa ile. Nikishafika Butembo nilipumua. Kwetu baridi yenyewe ni frigo, unaweka chupa juu ya kabati na unaisahau.

Munganga yule alinifundisha siku ya kwanza, amekaa mbele yangu na chupa mkononi.

“Hii ni ile ya polepole, mwalimu. Hapana kukimbia. Unaipiga asubuhi, inatembea siku yote, na nguvu yake kabisa inafika saa tisa, saa kumi. Ukishaingiza, hauwezi kuitosha mu mwili tena. Donc, basi chakula lazima kifike.”

Nikaandika. Akaendelea.

“Kubadilisha, ni alama mbili tu. Unapandisha mbili, unangojea siku tatu zenye kufanana, njo unaangalia tena. Siku moja mubaya usiifuate, itakupoteza. Na kitu ya mwisho: mutu wa sukari mingi anakauka, mutu wa sukari kidogo analowana. Akilowana, sukari mu kinywa, mbio, halafu maulizo itakuja nyuma.”

Haya, siku tatu zenye kufanana. Alikuwa mtu mwema, Mungu amlipe, lakini juu ya lori nilimkasirikia njia nzima. Zifanane wapi? Jumatatu mama anakwenda shamba, analima mpaka saa sita, jembe na dawa vinamshusha sukari kwa pamoja. Jumanne kuna milio upande wa kilima, hakuna anayetoka, mama anakaa kitako mchana kutwa. Jumatano soko limefungwa, tunakula ndizi zilizobaki. Alhamisi kumetulia, tunapata maharagi na bukari, ndiyo ugali, ya kushiba. Ijumaa tumekimbilia kwa jirani mwenye nyumba ya matofali, tunarudi hatujatia kitu mdomoni. Na sindano nimeshaichoma asubuhi, alama zilezile kumi na nane, kwa ajili ya chakula ambacho hakuna anayejua kama kitapikwa.

Kila nikitoka shule, mnamo saa kumi, nilipima mkojo wake. Unatia matone machache katika dawa ya bluu ndani ya kichupa cha kioo, unachemsha juu ya babula, jiko letu la makaa. Ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikiwa kijani, iko kidogo. Ikiwa nyekundu ya tofali, taabu. Mama aliona kazi hiyo ni kichekesho. Akisikia mlango tu anaita:

“Mwalimu amerudi! Ngoja nimuletee devoir yake.”

Ananiletea hiyo kazi yangu ya nyumbani, kikopo amekifunika na jani, anacheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimetoka kusahihisha madaftari ya watoto sitini, na nyumbani linaningoja daftari jingine, la mama yangu, lililojaa upuuzi mtupu: bluu, nyekundu, kijani, nyekundu, bluu. Hakuna hesabu inayotoka humo. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao ukilala unaamka nao, umekungojea kando ya kitanda. Na niliogopa kila siku, naomba mtu yeyote asinidanganye kwamba uoga huzoeleka. Mama yangu alikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nabahatisha.

Ndipo wageni walipofika. Upande wa Kanyabayonga kulikuwa kumechafuka, watu wanapanda kuja kwetu na magodoro kichwani, na asubuhi moja mama mdogo akasimama mlangoni na watoto wanne. Alikuwa binti wa shangazi yake mama, wamelelewa nyumba moja. Kwa hiyo kwangu ni mama mdogo, hata kama umri wetu haukupishana sana. Mumewe alikuwa amebaki nyuma kuangalia mbuzi, na hakumfuata tena. Mama akawakumbatia wote kwa zamu, akasema, “Hapa ni kwenu.” Mama yangu akisema hivyo haikuwa salamu, ilikuwa amri, na mimi nikahamisha vitabu vyangu chini ya kitanda ili wapate pa kulala.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Kwetu mgeni hula saloni. Anapakuliwa kwanza, anapakuliwa kingi, na anabembelezwa aongeze. Mama mwenye nyumba hula mwisho, jikoni, kwenye kigoda karibu na moto, kile kilichobaki chunguni. Na hakuna mtu anayeingia jikoni kumtazama anavyokula. Ni aibu, ni kama kumhesabia matonge. Nimekua hivyo. Ukiniuliza sura ya mama yangu akiwa anatafuna, siku zile nisingeweza kukuambia. Unamuuliza tu, “Ulikula, mama?” naye anajibu, “Nilikula,” na mambo yameisha.

Kukatulia mjini kwa majuma kadhaa. Soko lilifunguliwa, shule haikusimama, mama hakwenda shamba kwa sababu mama mdogo alikataa kabisa, akashika jembe yeye. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze daftari lile, siku zikafanana. Saa kumi, nyekundu. Kesho yake saa kumi, nyekundu. Siku ya tatu, nyekundu ya tofali kabisa. Nakiri kwamba nilifurahi. Si kwa sababu ya sukari. Kwa sababu hatimaye nilikuwa na kitu cha kushika. Siku tatu zimefanana kama alivyosema munganga, basi tunapandisha. Kutoka kumi na nane nikaenda ishirini.

Nikangoja siku tatu. Nyekundu. Nikaenda ishirini na mbili. Nilijisikia mtu mwenye elimu, nawaambieni ukweli. Nilipiga mstari chini ya namba kwa rula.

Mama wakati huo alikuwa amebadilika, na kila badiliko nililipatia jina. Alivunja vikombe viwili kwa juma moja. Nikasema ni macho. Aliwagombeza watoto wa watu bila kosa, halafu anakaa kimya kama aliyesahau alichotaka kusema. Nikasema ni mawazo, nani hana mawazo? Nilimkuta saa kumi kitenge chake kimelowa mgongoni.

“Mama, mbona unatoka jasho hivi?”

“Ni moto ya jikoni.”

Butembo, na baridi yake ile, nami nikakubali ni moto wa jikoni.

Kisha nikaona makapi. Nyuma ya jiko tulikuwa na miwa michache ya kupanda wenyewe, na siku moja nikitafuta kuni nikakuta makapi ya muwa yaliyotafunwa, mengi, yamefukiwa chini ya majivu. Hasira ikanipanda. Kumbe! Mimi napanda malori mpaka Beni, napima, nachemsha, naandika, na yeye anajificha anatafuna sukari! Nikaingia jikoni na makapi mkononi.

“Mama, ni nini hii?”

Akayatazama, akanitazama mimi. “Si muwa.”

“Naona ni muwa! Juu ya nini unaniibia? Unataka kufa?”

“Acha kelele, wageni banasikia.”

“Basikie! Mama, ni mimi nachoma hiyo shindano, si wageni.”

Angeweza kuniambia pale. Nimelifikiri jambo hilo mpaka limechakaa. Alifungua mdomo, akageuza macho upande wa saloni ambako watoto walikuwa wanacheka, akaufunga. “Muwa ni muwa tu, mama,” akaniambia, kama mzazi anavyomwita bintiye kwetu, akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Nilichukua panga. Nikakata miwa yote, hata ile ambayo haijakomaa, nikawagawia watoto wa mama mdogo, nao wakaruka kwa furaha. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko akiangalia. Kesho yake asubuhi, kwa kuwa siku tatu zilikuwa zimetimia na zote nyekundu, nikamchoma alama ishirini na nne, nikaenda shule.

Niliporudi saa kumi hakuna aliyeniita mwalimu. Nikasikia mama mdogo anaomba kwa sauti jikoni, maombi yale ya haraka yasiyo na mwisho. Mama alikuwa chini, ubavu wake kwenye majivu, anakoroma, macho nusu wazi na hayaoni. Mama mdogo alikuwa amempakata kichwa.

“Ameanguka sasa hivi! Alikuwa anasugua sahani za watoto, ameanguka tu!”

Na mimi nilifanya nini? Nilikimbilia chupa. Naam, chupa ya dawa. Daftari langu lilikuwa na nyekundu siku tisa mfululizo, akili yangu ikasema sukari imempanda mpaka imemwangusha, mwongezee. Nilikuwa nimeshaizungusha mikononi, nimeshavuta bomba. Alama ngapi sijui, sikuangalia. Nikapiga magoti nimfunue paja.

“Umufute kwanza,” mama mdogo akasema. “Angalia mutu amelowana vile, baridi, baridi.”

Nikaweka mkono juu ya paja la mama. Maji. Kitenge maji, shingo maji, nywele maji. Mutu wa sukari kidogo analowana. Sindano ikanitoka mkononi ikaangukia kwenye majivu.

“Sukari! Leta sukari!”

Mama mdogo akaruka juu ya watoto, akarudi na mkebe. Nikaloweka sukari kwa maji kidogo nikampaka ndani ya shavu, kwenye ufizi, tumemlaza ubavu asipaliwe, nampaka na kumsugua, nampaka na kumsugua, nalia na kumtukana. Nilimtukana mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Sijui ilichukua muda gani. Mwanzo akameza. Halafu akasukuma kidole changu kwa ulimi. Halafu akafungua macho vizuri na kuuliza kwa nini tumelala chini wakati kuna viti.

Munganga alisema baada ya sukari lazima chakula. Nikamwambia mama mdogo alete kile kilichobaki. Akafungua chungu, akakifunga. Akafungua cha pili. Sahani ya mama ilikuwa juu ya kigoda, kavu, na mboga haijaigusa.

“Mama alikula wapi leo?” nikauliza.

“Anasemaka anakula jikoni.” Alikuwa ameshika kifuniko mkononi. “Kila siku anasema, kuleni, yangu iko jikoni.”

Tukatazamana, na tukaelewa pamoja. Mama alikuwa anapika chungu cha watu wawili kwa watu saba. Cha mchana kiliishia saloni, chote, na yeye alikaa jikoni muda wa kutosha mtu kula, akapigisha kijiko kwenye sahani, akatoka anajifuta mdomo. Saa tisa dawa yangu ikafika na nguvu zake zote ikakuta tumbo tupu. Akaanza kutetemeka, akaenda nyuma ya jiko, akatafuna muwa mpaka mikono itulie. Saa kumi mimi hapa na kichupa changu, nakuta sukari ya muwa, naandika nyekundu, nampandishia. Yeye anatetemeka zaidi, anatafuna zaidi, mimi napandisha zaidi. Ule muwa ndio uliomweka hai, na jana yake nilikuwa nimeukata wote.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mtu mwenye adabu angenyamaza, angemnywesha mama yake uji, angemwita mama mdogo pembeni siku nyingine, polepole. Mimi nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeogopa, na uoga wangu siku zote hutoka kama hasira. Nikasimama pale, watoto wanne wamejazana mlangoni, mmoja bado ana kipande cha muwa mkononi, nikasema:

“Hii chakula munakulaka kila siku si yenu. Ni ya mama yangu. Ni yeye munakula.”

“Nyamaza!” mama akasema kutoka chini. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ile ya zamani. “Nyamaza, we mutoto!”

Mama mdogo aliweka kifuniko juu ya chungu taratibu kabisa, kisipige kelele, akawachukua watoto nje.

Kesho yake nilishusha dawa. Kushusha hakungoji siku tatu, hilo nililijua bila kuuliza mtu. Nikaweka kumi na mbili, nikamwomba mkuu wa shule ruhusa, nikabaki nyumbani kumwangalia mama anakula uji, kijiko kwa kijiko. Siku ya pili mama alipata nguvu, akataka kwenda kwenye maombi ya wanawake kanisani, nikampeleka nikimshika mkono. Mama mdogo alisema atabaki apike.

Tuliporudi chungu kilikuwa mekoni, kimejaa, kimefunikwa. Saloni ilikuwa imefagiwa. Blanketi zetu zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti, ncha kwa ncha, na vitabu vyangu vimerudishwa mezani mahali pake pa zamani. Jirani alisema wamepita na magodoro yao asubuhi ileile, wameshika barabara ya kusini. Mama mdogo alimwambia wanarudi kwao kuangalia kama shamba bado lipo.

Barabara ya kusini, siku zile! Nilikimbia mpaka kwenye kituo cha malori. Niliuliza, nikauliza, nikarudi nimepoteza kandambili moja. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, na kitenge cha kanisani bado mwilini.

“Nilisema hapa ni kwao,” akaniambia.

“Mama, ulikuwa unakufa.”

“Nilijua. Mimi ni mutu muzima.” Akakaza fundo la kitenge. “Weye ulikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimesema hapa ni kwao.”

Nilikwenda Beni kabla ya mwezi kuisha, nikamweleza munganga kila kitu, hata maneno niliyoyasema. Alisikiliza, akakohoa, akasema kipimo kimoja tu hakikutosha, ningepaswa kupima na mchana kabla ya muwa. Ni kweli. Nikaanza kupima mchana pia. Kutoka kumi na mbili nilipanda kwa mbili mbili mpaka kumi na sita, na hapo tukakaa. Bluu, bluu, kijani kidogo, bluu. Kwa daftari, mama yangu hajawahi kuwa mzima kiasi kile. Uso ulijaa, kitenge hakikulowana tena, na vikombe vilivyobaki vilibaki.

Akanitii katika yote. Hakula tena jikoni. Alikuja saloni, akakaa mbele yangu, akala sahani nzima nikimwona, naye akijua ni aibu na mimi nikijua anajua. Hakuniita mwalimu tena. Wafanyabiashara wanawake waliotoka Kanyabayonga aliwasimamisha barabarani mmoja mmoja, akawaelezea mama mmoja na watoto wanne, na wote wakatikisa kichwa. Vita vikaisha, au tukaambiwa vimeisha. Hakuna aliyewaona.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nilimpima kila siku. Kila mchana, akishamaliza kula, aliinua sahani akanigeuzia niione kwamba ni nyeupe, hakuna tonge lililobaki. Halafu aliniuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua:

“Na batoto bale, leo bamekula?”

Kila mara nilichukua sahani nikaenda kuiosha.